Anayekimbia Hatari Haimbi

Mimi sikuwa mtu wa kukimbia. Niulize mambo ya kuamka alfajiri, nitakueleza. Niulize kukanda unga wa mandazi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unamvalisha mtoto soksi, hiyo nina digrii. Lakini kukimbia? Na hiki kiuno ambacho watoto watatu wamepitia? Hata bodaboda ikinipigia honi mimi husimama tu, dereva ajue mwenyewe atapita wapi.

Aliyeniingiza kwenye hayo mambo ni binti yangu, kifungua mimba, Akuam. Alizaliwa siku ya upepo, ndiyo maana ya jina lake kwetu Waturkana, na ule upepo haujamtoka mpaka leo. Alipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wake wa michezo, Halake, alikuja kwenye kibanda changu pale karibu na stage ya matatu, akaagiza chai, akaniambia, "Mama Akuam, huyu mtoto ana miguu. Mashindano ya kaunti ni muhula huu. Lakini lazima afanye mazoezi kila asubuhi kabla ya shule." Nilifurahi mpaka nikamrundikia mandazi kwenye sahani, mwalimu wa watu akashindwa kumaliza.

Shida ilikuwa baba yake. Mume wangu Lomorukai analinda wanyama wa pori huko Kipsing, na nyumbani huja mwisho wa mwezi, tena akipata lori. Nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mbio.

"Mama Akuam," akasema, "mimi huku nikiona mtu anakimbia, najua kuna bunduki nyuma yake. Sitaki kuona mtoto wangu anakimbia."

"Baba Akuam, ni michezo."

"Hakuna michezo kwa giza. Hatakimbia peke yake. Mtu mzima akikimbia naye, sawa. Kama hakuna, awache."

Alijua hakuna. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa amekaa mlangoni anatafuna tumbaku yake, na sauti ya simu yangu ni kubwa. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mtu mzima wa kukimbia! Ni nani? Ni mimi?"

Nikamwangalia Akuam. Alikuwa ameshika sufuria ya kuosha, haoshi, ananitazama tu na yale macho yake makubwa. Nikajikuta nimesema, "Ni mimi." Jamani, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Asubuhi ya kwanza niliumua unga, nikaufunika, nikavaa raba za Akuam za mwaka uliopita, nikafunga leso juu ya rinda, tukatoka. Giza lilikuwa linaanza kupauka na muezini alikuwa amemaliza tu adhana. Akuam akaanza taratibu kwa ajili yangu. Mimi sikujua kuna taratibu. Nilitoka mbio kama mtu ambaye amesikia karai lake limeshika moto, raba zinapiga chini pa, pa, pa, leso inapepea, mdomo wazi.

Sasa, mtaani kwetu Chechelesi hatuulizi mambo mengi. Mwanamke mzima akionekana anakimbia alfajiri na mtoto wake mbele, kuna jambo. Mifugo imechukuliwa, ama nyumba inaungua, ama kuna wavamizi. Na jirani mwema hawezi kulala jambo likipita mlangoni kwake. Nilisikia mlango mmoja, halafu mwingine. Nilipogeuka, mzee Lokwang alikuwa nyuma yangu na rungu, kifua wazi, shuka inaburuta. Nyuma yake Kabale, Mborana anayeuza maziwa ya ngamia, amebeba mtungi wa maji wa kuzimia moto. Nyuma ya Kabale, sijui, nusu ya mtaa. Nilipowaona wanakimbia, nami nikaogopa, nikaongeza mbio. Wao walipoona nimeongeza mbio, wakaongeza.

Tulisimama kwenye lami kwa sababu mimi nilianguka.

"Wako wapi?" Lokwang akauliza, anazungusha rungu. "Wamepita wapi?"

"Kina nani?"

"Hao unaowakimbia!"

Akuam ndiye aliyewaeleza, maana mimi pumzi ilikuwa imeniacha. Nilitamani ardhi inimeze. Kabale alinitazama, akautazama mtungi wake, kisha akanimwagia maji kichwani polepole. "Wallahi, Mama Akuam," akasema, "nimekimbia na haya maji kutoka nyumbani. Siyarudishi."

Jioni walikuja kwangu, na hawakuja kucheka. Mzee Lokwang alisema maneno ya maana. "Mama Akuam, hatukukatazi. Lakini ukikimbia kila siku tutakuzoea. Na siku ya hatari ya kweli, nani atatoka?" Hapa kwetu usiku wa kukimbia kweli tumewahi kuuona, na walioponea waliponea kwa sababu jirani walitoka.

Akuam akainamisha kichwa. Nilijua anachofikiria: imekwisha.

Ndipo mama mkwe akatema tumbaku na kusema, "Si aimbe? Anayekimbia hatari haimbi." Msidhani alikuwa ananisaidia. Namjua huyo mama. Alisema ili watu wacheke, kwa sababu kama siwezi kukimbia nikiwa nimefunga mdomo, nitakimbiaje nikiimba? Watu wakacheka kweli. Lakini Lokwang hakucheka. Alikuna ndevu, akasema, "Hiyo ni sawa. Ukipita unaimba, tunalala. Ukipita kimya, tunatoka."

Na habari si zilifika Kipsing kabla jua halijachwa. Lomorukai akapiga simu. "Nasikia umekimbiza mtaa mzima. Sasa eti utakuwa ukiimba?"

"Ndiyo."

"Hata mbuzi haifanyi hivyo. Mwisho wa mwezi nikija, namaliza hiyo maneno." Mashindano yalikuwa wiki moja baada ya mwisho wa mwezi. Akuam alisikia. Hakulia, ila usiku huo alizipiga raba zake kiwi nyeupe kana kwamba zinaenda kuzikwa.

Basi nikaanza kuimba. Siku za kwanza nyimbo za kanisa zilitoka vipande vipande, aleluya inakatika katikati, mbwa wanaitikia. Lakini nikagundua kitu ambacho hakuna aliyeniambia: nikikimbia mbio za kijinga, wimbo unakufa. Nikipunguza mpaka wimbo utoke vizuri, naenda. Naenda na naenda! Ule wimbo ndio ulionifunza kukimbia. Nyimbo za kanisa zilipoisha nikaanza kutunga zangu, najitaja kwa jina langu la kuzaliwa:

"Lokwang, geuka ulale, rungu liweke chini,
Hakuna adui hapa, ni Nakolong na mwili wake!"

Na ndani ya nyumba nasikia mzee anajibu, "Haya, mama, pita!" Kwa Kabale nilikuwa naimba juu ya ngamia wake wachoyo, naye anagonga mtungi. Mandazi yangu hayakuwahi kuchelewa hata mara moja. Nilikuwa narudi nimelowa jasho, nawasha jiko, nawatoa wadogo kitandani, nachana nywele, natafuta kiatu cha mdogo wao Ewesit ambacho kila siku kinapotea kimoja, na moyo wangu ni mwepesi. Sijui nieleze vipi. Tangu nizaliwe, kila nilipoenda nilikuwa nimebeba kitu: maji, kuni, mtoto, unga. Ile barabara ya asubuhi ndiyo pekee niliyopita mikono mitupu.

Akuam naye akawa ananiacha. Alikuwa anatangulia gizani, na mimi naimba kwa nguvu ili asikie mtu wake mzima yuko nyuma. Akifika kwenye daraja anageuka na kunirudia anacheka. "Mathe, leo ulisikika mpaka darajani!"

Siku za mwisho za mwezi nikashikwa na homa. Pua imeziba, na sauti imekwenda kabisa. Hata kumfokea Ewesit nilikuwa nafanya kwa mkono. Nikamwonyesha Akuam kwa ishara kwamba leo ataimba yeye. Akakubali. Akaimba vizuri mpaka kona ya kwanza, halafu miguu ikamsahaulisha. Akanyamaza, akachomoka. Mimi nyuma nafungua mdomo kumwambia imba, hakuna kinachotoka.

Tulipita kwa Lokwang kimya.

Mlango ukapigwa teke. Nikasikia mtungi wa Kabale. Nikawapungia mikono warudi, lakini mwanamke anayekimbia alfajiri akipunga mikono na mdomo wazi bila sauti, wewe ungefikiria nini? Wakaja wote.

Na kwenye lami, wakati huohuo, lori la mchanga kutoka upande wa Kipsing likasimama na mtu akashuka na begi. Nilimjua kwa mabega. Lomorukai alimwona binti yake anatokea gizani mbio zote, kimya. Akaniona mimi nyuma yake bila sauti, na nyuma yangu rungu la Lokwang na mtaa mzima. Alitupa begi. Hakuuliza. Alimkimbilia mtoto wake.

"Akuam! Akuam!"

Sasa Akuam, msichana mwenye akili, kasikia sauti nene ya mwanamume inamwita gizani, na viatu vizito vinamfuata. Alifanya kile ambacho nimemfundisha tangu awe mdogo: hakugeuka. Alikimbia. Mungu wangu, hivyo ndivyo anavyokimbia huyo mtoto? Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona. Lomorukai hukaa siku nzima akifuata nyayo za tembo, si mtu wa kuchoka ovyo, lakini kila alipoongeza, Akuam alizidi kuwa mdogo kwa umbali. Nililia huku nakimbia. Nusu hofu, nusu fahari, hata sasa sijui ipi ilizidi.

Alisimama darajani, pale anapogeukia kila siku, viatu vizito vimebaki mbali na kumeanza kupambazuka, akageuka. Akamwona baba yake anakuja anayumba, ameshika mbavu.

"Baba?" akasema. "Nani anakufukuza?"

Lomorukai aliinama, mikono magotini. Mimi nikafika. Na niseme ukweli, nilifika nikiwa na pumzi zangu zote, yeye hana hata moja. Nikamshika mgongo. Alitutazama, akaangalia barabara tuliyotoka, akaona majirani wanasimama mmoja mmoja na hakuna kitu nyuma yao isipokuwa jua linalochomoza.

"Hakuna mtu anawafukuza?"

"Hakuna, Baba. Ni mazoezi. Mama amepoteza sauti, nami nilisahau kuimba."

"Hakuna mtu anakufukuza," akarudia polepole, "na unakimbia hivyo?"

"Na mtu akinifukuza hatanishika," Akuam akasema. "Wewe umenishika?"

Lokwang alicheka mpaka akakalia rungu lake. Lomorukai hakucheka. Alichukua mkono wa mtoto, tukarudi tukitembea.

Siku hiyo niliunguza mandazi karai zima kwa mawazo. Akuam alirudi kutoka shuleni, akazitoa raba, akaziweka chini ya kitanda mwenyewe. Tulipomaliza kula, mama mkwe ndiye aliyeuliza, yeye hajui kungoja. "Haya, umemaliza ile maneno uliyokuja kumaliza?"

Lomorukai alikuwa anatazama miguu yake, imevimba. "Mama," akasema, "nilimkimbilia mtoto wangu na sikumfikia. Maisha yangu yote nimeogopa siku ambayo watamkimbiza na mimi niko mbali. Leo nimeona." Akafuta uso. "Nimeona." Kisha akaenda kulala, na hakuna aliyejua amesema ndiyo ama hapana.

Alfajiri niliamka na koo bado limefunga. Unga niliukanda taratibu. Nilikuwa nimeamua: leo tusitoke, sina sauti, siwezi kuamsha watu mara mbili. Nikainua kichwa, namwona Lomorukai uani, amevaa viatu vyake vizito, amejifunga shuka. Akuam kando yake, amezivaa raba, hathubutu kupumua.

"Mama Akuam, wewe lala," akaniambia. "Huna sauti. Leo mtu mzima ni mimi."

Wakatoka. Nikasimama mlangoni na unga mikononi. Kwanza kimya. Halafu akaanza. Alikuwa anauimba wimbo wa dume lake, yule ng'ombe mwekundu wa pembe zilizopinda aliyemlea akiwa kijana, wimbo ambao sikuusikia tena tangu tuhamie mjini. Alikimbia ameinua mikono juu kama pembe, jinsi wanaume wetu wanavyofanya wakimwimbia ng'ombe, na sauti yake ikajaza Chechelesi yote. Kwa Lokwang mlango haukufunguka. Kwa Kabale nilisikia mtungi unagongwa, ko, ko, ko. Mtaa mzima ukageuka upande wa pili na kuendelea kulala.

Mama mkwe akatokea, akasikiliza, akajifuta macho na kona ya shuka. "Anaimba vibaya," akasema.

Nami nilikuwa nimeambiwa nilale. Ruhusa ya kulala, mimi, ambaye sijailala alfajiri hata moja tangu niolewe! Niliwaza kitanda. Niliwaza mgongo wangu. Kisha nikampa mama mkwe bakuli la unga, nikanawa mikono, nikavaa raba.

"Na wewe unaenda wapi?" akauliza. "Mtu mzima si wamempata?"

Sikuwa na sauti ya kumjibu. Nilifuata ule wimbo.