Dakika Moja ya Wawira

Sauti ya Wawira ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye upande B wa kaseti, na mimi Gitobu, mwalimu mstaafu wa muziki, ndiye niliyeifuta. Nasema mapema usije ukanihurumia katikati ya hadithi. Sitaki huruma yako.

Wawira alikuwa mke wa rafiki yangu Njoka, karani mstaafu kule Embu. Mimi nakaa hapa Kinoru, karibu na uwanja, na timu ikifunga bao mashabiki hunipigia kelele juu ya fidla zangu. Kwa miaka thelathini na mitano mimi na Njoka tumepelekeana kaseti za muziki wa okestra. Cheka basi, umalize. Najua siku hizi mtu anagusa simu na ulimwengu mzima unamwimbia, naye huku anaosha vyombo. Sisi tulitumiana kaseti moja kwa mwezi, ndani ya bahasha, kupitia ofisi ya vifurushi pale stendi, na tuliisikiliza tumeketi, hatufanyi kingine.

Sheria nilizitunga mimi. Ya kwanza, hakuna kutaja jina. Anayepokea hajui nani anapiga wala nani anaimba mpaka asikilize pande zote mbili hadi mwisho. Jina linakuwa ndani ya barua iliyofungwa kwa gundi, na barua haifunguliwi kabla. Ya pili, upande ulio dhaifu unafutwa, na juu yake unarekodi jibu lako, kitu bora zaidi. Kaseti nzuri zilikuwa adimu na sikutaka takataka ikae nyumbani kwangu. Njoka alizifuata sheria hizo kama za serikali. Mimi mwenye kuzitunga nilizifuata nilipojisikia.

Wawira alifariki Agosti mwaka jana. Nimekula githeri yake miaka na miaka na sikuwahi kumsikia akiimba hata mstari mmoja. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua, kwa sababu ya operesheni ya goita, ule uvimbe wa shingoni, aliyofanyiwa kabla sijaanza kwenda kwao. Nilidhani alizaliwa hivyo. Sikuuliza.

Juni mwaka huu kaseti ya Njoka ikafika. Upande A ulikuwa wa fidla nne, kazi safi kabisa, nikatikisa kichwa kwa raha. Nikageuza. Upande B ulianza na mchakacho kama wa mahindi yanayokaangwa, kisha kinanda cha kanisa kilichokosa pumzi. Mtu akakohoa. Halafu mwanamke akaanza kuimba Kilatini peke yake, na nyuma yake mtoto mchanga akalia.

Nikapandwa na hasira. "Ala! Njoka ananichukulia mimi nani?" niliuliza redio. "Kwaya ya parokia? Mimi?" Noti ya tatu yule mama aliishika chini kidogo, na kwangu hiyo ilitosha. Haikufika dakika moja. Nikazima.

Nikaweka diski yangu ya simfonia, okestra kubwa ya Kijerumani, nimfundishe Njoka adabu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mashine ikakataa. Kaseti ina kidude kidogo cha plastiki mgongoni, ukikivunja hairekodiki tena. Sisi wawili tulikwisha kuvivunja vyote tangu zamani, na tuliziba matundu kwa selotepu kila tulipotaka kurekodi. Ni kazi ya mkono tu, kama kufunga kifungo. Sikuangalia kwamba tundu la upande ule lilikuwa jipya, ncha zake bado nyeupe. Nilikata selotepu kwa meno, nikaziba, nikabonyeza, na simfonia ikaingia. Mimi huyo, nikaenda kuchemsha chai.

Dakika arobaini na tano baadaye nilifungua barua ili nicheke jina la huyo mwimbaji.

"Mwalimu," Njoka aliandika, "huyo ni Wawira, misa ya Pasaka, miezi michache kabla ya operesheni. Nimevunja kidude usije ukakosea. Mashine yangu imeanza kula kaseti, nami naogopa kuiweka hii. Sijamsikia tangu tumzike. Yako ni nzima, nitolee nakala. Sikutaja jina mapema kwa sababu nataka ukweli wa masikio yako, sitaki pole. Niambie aliimbaje. Nyingine hakuna."

Woi! Kwanza nilimtukana Njoka. Mjinga wewe, si ungenipigia simu? Nani anafuata sheria za kipuuzi na kitu kama hicho mkononi? Kisha nikarudisha kaseti mwanzo na kuisikiliza yote, sikio likiwa limegusa spika, nikitafuta kama kuna mahali simfonia iliruka. Haikuruka. Mashine yangu ni nzima kweli, ilifuta vizuri. Nikaketi jikoni nikalia, mzee mzima, na chai ikapoa.

Wiki sita nilijitia hamnazo. Simu ya Njoka ikilia nilisema mtandao mbaya. Mwishowe akanipata. "Mwalimu, Jumamosi ni misa ya kumkumbuka Wawira. Tumekodi spika. Uje naye," akasema. Hakusema uje nayo. Alisema uje naye.

Nikajikaza kisabuni nikaenda Embu. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, na uongo wenyewe ulikuwa mwepesi: mashine yangu nayo imekula. Nani atabisha?

Peninah alinifungulia mlango. Yeye ndiye kifungua mimba wao, mwalimu pia, mama wa watoto watatu sasa. "Karibu Mwalimu, baba hajalala kwa furaha," aliniambia. Uani viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa, na spika mbili kubwa nyeusi zilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Njoka alikuwa ameketi kando ya spika amevaa suti aliyomzikia mkewe. Alinyoosha mkono kabla hata ya salamu.

"Njoka," nikaanza, "bwana, hii mashine yangu..."

Alikuwa amekwisha kuishika kaseti. Aliigeuza upande B, akapitisha kidole gumba mgongoni, na kidole kikasimama pale kwenye selotepu. Uongo wangu wote uliishia hapo. Aliipapasa ile selotepu polepole, mara tatu au nne, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Baba, ni nini?" Peninah akauliza.

"Nimemfuta," nikasema mimi. "Nilifikiri ni kwaya tu. Sikufungua barua."

Peninah alinitazama. "Mwalimu, umemuua mama mara ya pili," akasema, akaingia ndani, nikamsikia akilia kwa sauti mbele ya wageni. Nilitamani Njoka anipige. Nilikuwa tayari, hata miwani nilikuwa nimevua.

"Ulisikiliza mpaka wapi?" akauliza.

"Dakika moja. Haikufika."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Sema."

Nikasema. Nilimwambia mchakacho, kinanda, kikohozi. Nilimwambia alivyovuta pumzi kabla ya neno la kwanza, pumzi ndefu, isiyo na wasiwasi. Nilimwambia noti ya tatu ilikuwa chini kidogo, kwa sababu aliomba ukweli. Nilimwambia kuna mtoto alilia.

"Huyo ni Peninah," akasema. "Nilikuwa nimembeba mimi. Endelea."

"Hakuna zaidi, Njoka. Hapo ndipo nilipozima."

Misa ilisomwa. Zile spika hazikuwashwa.

Nilijua urafiki umekwisha. Lakini Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri, simu ililia. Hakunisalimu. "Anza," akasema, nami nikaanza, mchakacho, kinanda, kikohozi, pumzi. Nilipofika kwa mtoto alikata. Tangu hapo ni kila Jumapili, saa ileile, na kaseti hatutumiani tena.

Juzi nilichoka. Mwanamume anayekusikiliza kimya hivyo hukuvunja moyo, na mimi naujua muziki wa misa, najua unavyokwenda. Nilipofika kwa mtoto sikunyamaza. Nikamwambia sauti ilipanda, ikatulia juu kule, tamu, mtoto akanyamaza kumsikiliza mama yake. Niliimba kidogo hata, kwa koo hili la kizee.

Njoka aliacha nimalize. Nikasikia anapumua.

"Usimwongezee," akasema. "Rudi mwanzo."