Ngano ya Shamba Jeupe

Nilipofunua ndoo, mbegu zote zilikuwa zimeshatoa vijimizizi. Nilikuwa nimeziloweka kupita kiasi. Ngano iliyoota ndani ya maji haifai tena kupandwa, na shemeji yangu Sharif alilijua hilo. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Shemeji, hiyo sasa kachumbari! Tuletee na chapati."

Mume wangu alipofariki, Sharif ndiye aliyegawa ardhi, mbele ya wanaume wa kijiji. Shamba la kando ya mfereji akajitwalia. Mimi akanipa lile la bondeni, lililopauka kwa chumvi. Wakati wa kiangazi ungedhani mtu amelimwagia unga. Huku kwetu Punjab kila mtu alielewa maana yake. Ningehangaika, ningechoka, halafu ningelirudisha kwa hiari na kwenda kuishi kwa kaka zangu.

Sikwenda.

Bibi shamba, jina lake Tahira, alikuwa ametufundisha sisi wanawake. Mbegu ukiiloweka jioni katika maji yaliyotiwa chumvichumvi kidogo ya chokaa, si chumvi ya kupikia, ukaiopoa alfajiri na kuianika kivulini, huingia udongoni ikiwa imeshaamka, na chumvi ya ardhi haiikuti usingizini. Nilimpelekea ndoo yangu nikitarajia kugombezwa.

"Mbona uliiacha muda wote huo?"

"Mama mkwe alizidiwa na homa. Nikasahau."

"Rudia, dada. Msimu haujapita."

Kurudia kwa mbegu gani? Iliyobaki ilikuwa akiba yetu ya chakula cha majira ya baridi. Nilikaa kando ya kitanda cha mama mkwe, nikamweleza. Sharif ni mwanawe wa kumzaa. Nilidhani ataniambia nisalimu amri.

"Loweka," akasema. "Njaa naijua, tumezeeka pamoja. Kumpigia magoti mtoto niliyemnyonyesha sikujui, na sitaki kujifunzia uzeeni."

Nikaloweka. Safari hii sikubanduka. Baridi yote tulikula mkate wa mahindi na majani ya haradali, na mama mkwe akawa ananikatia vipande vikubwa kuliko vyake, akidhani sioni.

Shamba halikuota lote. Penye chumvi kali palibaki vipara, na Sharif hakuacha kuwaonyesha wapita njia. Lakini kwingine ngano ilisimama, fupi, kaidi, ikazaa.

Siku ya kuvuna alikuja na wanaume walewale.

"Shemeji, ardhi imepona, tumshukuru Mungu. Sasa tuiunganishe. Mzigo huu si wa mwanamke."

Nilinyoosha mgongo, mundu mkononi.

"Uligawa mwenyewe, mbele ya hawa hawa. Au siku ile ulikuwa unatania?"

Aliwageukia wenzake. Mmoja akaanza kukagua viatu vyake. Sharif akapiga hatua ndani ya ngano, kunijia, mashina yakilala chini ya miguu yake.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya mganda, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Hakupaza sauti.

"Sharif, unakanyaga ngano ya watu."

Uso ulimwiva. Kisha akarudi nyuma taratibu, akitafuta pa kuweka mguu, akashika njia ya ukingoni wapitapo wageni.

Niliinama. Jua lilikuwa limepanda, na nusu ya shamba bado ilikuwa imesimama.