Themanini na Tano Huketi Chini

Jumatatu nilikaribia kumkanyaga Mzee Muchiri.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa Julai umelala juu ya barabara yetu ya Mukurweini, na taa za Pijo, gari langu, zilikuwa zikionyesha boneti na hatua chache mbele yake. Mzee Muchiri ana tabia yake. Akileta maziwa barabarani haketi kwenye jiwe wala kiti. Huketi chini kwenye udongo wenyewe, miguu ameinyoosha, mtungi kando. Mimi niliona mtungi kwanza. Nilikanyaga breki mpaka goti likauma, na gari likasimama karibu naye kiasi kwamba aliweza kuigonga bampa kwa fimbo yake. Na aliigonga.

"Mama Mwai," akasema, "leo ulikuwa unabeba maziwa ama unanibeba mimi?"

Waliokuwa wakingoja na mitungi yao wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishuka, nikapakia mtungi wake, namba themanini na tano kwenye daftari la kikundi, na nikamwambia Mungu kimoyomoyo: Baba, nisije nikaua mtu wa watu. Nionyeshe njia ya kutengeneza taa hizi. Usiponionyesha, nitaegesha gari na nitanyamaza.

Pijo yenyewe ni pikapu ya zamani, 504, na umri wake unakaribia wangu. Marehemu mume wangu Mugo aliinunua ikiwa imechoka, akanifundisha kuiendesha kati ya mistari ya kahawa, na alipoitwa na Bwana nilibaki nayo. Kwa miaka tisa sasa mimi ndiye ninayebeba maziwa ya kikundi chetu mpaka penye mtambo wa kupoza. Sina kazi nyingine, na sijatafuta nyingine.

Jioni hiyo Magdaline akaja nyumbani. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi, mwanachama namba thelathini, na kanisani tunakaa benchi moja. Alikunywa chai nusu kikombe kabla ya kusema.

"Kamati imekaa. Duncan ako na gari ya Probox yenye taa nzuri na anaomba kubeba maziwa ya hii barabara."

"Duncan aliniambia taa zangu ni mishumaa ya kanisa."

"Alituambia pia. Sasa sikiza. Jumamosi asubuhi nitapanda na wewe hapo mbele. Tukiwa kwa geti ya kiwanda cha kahawa, nikiona nguzo nyeupe za daraja, unaendelea na kazi. Nisipoziona, kutoka Jumatatu maziwa ni ya Duncan."

"Na mpaka hiyo Jumamosi?"

"Duncan atabeba. Wewe pumzika."

Nilimwambia sitapumzika.

Shida ya taa nilikuwa nimejaribu kuitatua mapema, na nikaiongeza. Kijana mmoja wa karakana aliniambia niweke balbu kubwa. Nikaweka. Kulipambazuka kidogo kwa siku mbili, kisha swichi iliyo kando ya usukani ikaanza kutoa harufu kama nywele zilizoungua. Kwa hiyo Alhamisi, jua likiwa limechomoza vizuri, niliendesha mpaka Kiganjo kwa Fundi Wandera. Ni mtu wa Busia aliyeletwa huku na kazi ya serikali, akatengeneza waya za magari miaka thelathini, na alipostaafu hakurudi kwao. Husema baridi ya mlima imeshamzoea na itamkosa akiondoka.

Alifungua boneti, akainama, akaguna.

"Mama, umeitunza hii gari. Huku ndani chuma chote kinang'aa."

Nilijua kwa nini kinang'aa, lakini sifa ni tamu. Nikasema tu, "Najaribu," nikafunga mdomo.

Akaleta kipimo chake. Kwenye betri kilisoma volti kumi na mbili na nusu. Kwenye taa, taa zikiwa zimewashwa, kikasoma tisa na kitu.

"Hizo zingine zimeenda wapi?" nikauliza.

"Zimechoka njiani. Umeme wako unatoka betri, unaingia chini ya dashibodi, unapita kwa swichi, halafu unarudi huku mbele, na waya ni nyembamba na ya zamani. Ni kama mtu wa Kagio anataka kwenda Karatina, hapo karibu tu, anapitia Nairobi. Na wewe ukaongeza balbu kubwa. Abiria wengi, barabara ni ile ile. Ndiyo swichi inanuka."

Akanionyesha visanduku viwili vyeusi, kila kimoja kikitosha kiganjani kama kiberiti. Akasema vinaitwa rilei, kimoja cha taa za ful, zile za kumulika mbali, na kingine cha dimu, zile za kumulika chini. Swichi itabaki na kazi ya kutoa amri tu. Rilei ikisikia amri, itafungulia umeme kutoka betri uende kwa taa moja kwa moja, kwa waya nene na fyuzi yake.

"Nifundishe," nikasema.

"Mimi nitaweka, mama. Wewe keti."

"Zikizima kwa ukungu, wewe utakuwa Kiganjo. Nifundishe."

Alinitazama, akapindua rilei moja. Chini ilikuwa na miguu minne ya shaba, na kando ya kila mguu namba ndogo sana: 30, 85, 86, 87. Nilicheka mwenyewe.

"Nini sasa?"

"Hawa ni watu wangu wa maziwa," nikamwambia. "Niambie kila mmoja anafanya nini."

Akasema thelathini ndiye anatoka betri, ana umeme saa zote. Huyo, nikasema, ni Magdaline. Mvua inyeshe au jua liwake, mtungi wake hauwezi kukosa. Themanini na sita ndiye anangoja amri ya swichi. Huyo ni Njoki, hatoki jikoni mpaka asikie honi. Themanini na saba ndiye anapeleka umeme kwa taa. Huyo ni Watiri, jirani ya Njoki, hatoi maziwa mpaka Njoki amwite.

"Na themanini na tano?"

"Huyo ni athi, njia ya umeme kurudi. Lazima akae kwa mwili wa gari, kwa chuma kabisa."

"Mzee Muchiri," nikasema. "Huketi chini."

Wandera akasema katika miaka thelathini hajawahi kusikia mtu akifundishwa hivyo. Lakini kutoka hapo hakuniambia tena niketi. Nilishika tochi, nikakata waya alizopima, nikazifunga tepu. Alifunga rilei mbili karibu na betri, akafungua soketi za taa zilizokuwa zimeliwa na kutu akaweka nyingine, akakusanya waya zote za athi, za rilei na za taa, akazifunga pamoja kwa bolti moja mahali panapong'aa kando ya rediyeta. Saa tisa hivi tulikuwa tumemaliza.

"Washa."

Nikavuta swichi. Hakukuwa na sauti wala mwanga. Hata ile mishumaa ya Duncan haikuwako tena.

Wandera akaanza upya kutoka betri. Thelathini, umeme uko. Themanini na sita, swichi ikivutwa, umeme uko. Akabadilisha rilei. Ikawa vile vile. Akakaza bolti, akajikuna kichwa kwa bisibisi. Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, na mimi nilikuwa nikihesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa.

"Labda waya ya ndani imekufa," akasema. "Tungetoa dashibodi yote. Hiyo ni kazi ya wiki."

Sina wiki. Nilisimama nikawapitia watu wangu mmoja mmoja, kama ninavyofanya mitungi ikipungua. Magdaline amefika. Njoki ameitwa. Watiri anangoja. Basi nani hajaketi mahali pake? Nikatazama ile bolti, na pale inapong'aa, na aibu ikanishika.

"Fundi," nikasema, "hapo si chuma."

"Ati nini?"

"Ni rangi. Pasaka tulipaka paa la kanisa rangi ya mabati, ile ya kung'aa, na mkebe ukabaki. Mchungaji akasema nibebe. Nikapaka huku ndani kote, mara mbili, isipate kutu. Uliponisifu, nilinyamaza."

Wandera aliweka bisibisi chini. Kisha akashikilia mlango wa gari, akacheka mpaka akatoa kofia.

"Mama, umebatiza injini."

"Nipe kisu."

"Wacha mimi."

"Nimepaka mimi, nitakwaruza mimi."

Nikafungua bolti, nikakwaruza. Rangi ilitoka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Chini yake kulikuwa na ile ya kijani ya Mugo, na nilisita hapo kidogo, kisha nikaikwaruza nayo mpaka chuma kikatokea, cheupe, kikavu. Nikasugua kwa msasa. Wandera akarudisha waya zote, akakaza, akapaka grisi juu.

Nilipovuta swichi nilisikia *tak*, na ukuta wa karakana ukawa mchana.

Jumamosi saa kumi na moja Magdaline alipanda mbele, amejifunga shuka, na hakuniamkua kwa mengi; alikuwa kazini. Ukungu ulikuwa mzito kuliko wa Jumatatu. Nikaomba kwa kimya, nikaondoa gari. Kwenye geti ya kiwanda cha kahawa nilisimama kabisa, nikavuta ful. *Tak*.

Magdaline akasogea karibu na kioo. Akafuta ukungu wa pumzi yake kwa ncha ya shuka.

"Nguzo ni nne," akasema mwishowe. "Mimi kila siku nilidhani ni mbili." Akaendelea kutazama. "Na ng'ambo ya daraja kuna kitu chini. Gunia?"

Nikatazama. Kando ya hilo gunia kulikuwa na mtungi.

"Si gunia," nikasema, nikaingiza gia. "Ni themanini na tano."

Tulivuka daraja polepole. Nilimwona muda wote, kofia yake, fimbo yake, miguu aliyoinyoosha hadi ukingo wa lami. Aliweka mkono mbele ya macho, akaanza kusema hata kabla hatujamfikia.

"Mama Mwai, weka dimu. Unataka kunichoma?"

Nikaweka dimu. Magdaline akashuka, akambebea mtungi mwenyewe, na alipopita mbele ya taa nilimsikia akimwambia mzee avute miguu, gari hili litakuwa likipita hapa kila siku.