Gego Lisilo na Tundu

Hivi wewe umewahi kushika jino la mtu mwingine, jino zima lisilo na kosa lolote, likiwa bado na joto la kinywa chake? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako, kisha usikilize yaliyomkuta Bibi Koleo siku ya mwisho ya safari ile.

Jina hilo la Koleo alipewa na wagonjwa wa zahanati alikofanya kazi maisha yake yote, chumba cha meno, akimsaidia daktari kuchemsha vyombo, kushika vichwa vya watu na kufuta machozi ya wanaume wenye ndevu. Alipostaafu, kanisa lake likatangaza safari ya kwenda nchi nyingine kutibu watu bure kwa jina la Bwana. Yeye akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Binti yake alishika kiuno.

"Mama, magoti yako yenyewe yanalia kama mlango mbovu. Unakwenda kumtibu nani huko?"

"Kwani natibu kwa magoti?" Bibi Koleo akamjibu, akaendelea kukunja nguo zake.

Basi walifika, wakapewa shule iliyofungwa kwa likizo. Darasa hili la macho, lile la homa na vidonda, na la meno mwisho kabisa, karibu na bomba la maji. Kiti cha mgonjwa kilikuwa cha plastiki, kimeegemezwa ukutani, na mto umefungwa kwa bandeji pale pa kulaza shingo. Taa ilikuwa tochi ya kuvaa kichwani. Vyombo alivichemsha Bibi Koleo mwenyewe, kwenye sufuria yenye mfuniko mzito, juu ya jiko la mkaa nje ya dirisha. Hakumruhusu mtu kuigusa sufuria hiyo, hata mchungaji.

Shida ilikuwa lugha. Wenyeji walikuwa na yao, wageni na yao. Mkalimani alikuwa mmoja tu, bwana mcheshi aliyeitwa Redio, kwa sababu ukishamwasha huoni pa kumzimia. Walimweka getini, wakampa kipaza sauti. Mtu akija, Redio anamwuliza anaumwa nini, kisha anatangaza uwanja mzima usikie.

"Macho, huyu! Tumbo, huyu, tena la kuendesha, mpisheni njia!"

Watu wanaangua kicheko, mgonjwa anafungwa utepe mkononi wenye rangi ya chumba chake, anasogea. Viongozi wa safari waliupenda sana mpango huo maana foleni ilikwenda mbio. Huko vyumbani hakuna aliyehitaji kuuliza tena. Utepe mwekundu ni jino. Mgonjwa ananyoosha kidole, anapigwa sindano ya ganzi, koleo, pamba, sala fupi, aingie mwingine.

Siku hiyo ya mwisho akaingia mama mmoja mtu mzima, kitambaa cha kijani kichwani, ameoga na kujipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, kama mtu anayekwenda kuposa. Hakumtazama daktari. Alimkazia macho Bibi Koleo, akafungua kinywa kama anayetaka kuanza maneno. Lakini daktari, kijana mwepesi wa mkono, alishamketisha.

"Lipi, mama?" akamwuliza kwa ishara.

Mama akasita. Akamtazama tena Bibi Koleo. Kisha taratibu akaweka kidole juu ya gego la chini. Daktari akaligonga kwa chuma, mama akakunja uso. Sindano ikaingia.

Jino lilikataa. Bibi Koleo, kichwa cha mama kikiwa mikononi mwake, alihisi taya linavyovutana, akajisemea moyoni kwamba labda mizizi imejipinda. Daktari alitoka jasho mpaka tochi ikamteleza. Mwisho likang'oka, krak, likaangukia kwenye kibeseni cha bati.

Sasa, Bibi Koleo alikuwa na desturi yake ya tangu zahanati. Jino likitoka, yeye hulisuuza, akamwonyesha mwenyewe lile tundu jeusi, ili mtu aende nyumbani ameridhika kuwa mbaya wake ametoka. Akalisuuza. Akaligeuza huku, akaligeuza kule. Akasogea dirishani penye mwanga. Tundu hakuliona. Hata doa hakuliona. Lilikuwa gego jeupe, nene, la kutafunia mahindi makavu miaka mingine mingi.

Akarudi kwa yule mama, akamfungulia kiganja, akingoja ukelele. Mama hakupiga ukelele. Alilitazama jino lake, akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeonyeshwa kitu anachokijua siku zote.

Alijua! Huyu mama alikaa pale, akachomwa, akavutwa, na alijua jino ni zima.

Mama akajaribu kusema neno. Midomo ilikuwa imekufa kwa ganzi. Yakatoka mate na sauti ya mtoto mchanga. Akajifuta kwa pembe ya kitambaa, akaona haya, na mgonjwa mwingine akawa ameshaingia. Akatoka nje.

"Daktari, hebu tazama."

"Nini tena, mama? Unaona foleni hiyo?"

"Tazama, nimekwambia."

Daktari akatazama. Akaivua tochi.

"Alinionyesha mwenyewe," akasema.

"Najua."

"Na nimeligonga, akakunja uso!"

"Daktari, hata mimi ukinigonga kwa chuma kinywani nitakunja uso."

Kijana wa watu aliwamaliza waliobaki kwenye foleni. Kisha akakaa kwenye kiti kilekile cha plastiki, mikono katikati ya magoti. Mchungaji alipochungulia kuhimiza watu wafunge mizigo, aliwakuta hivyo, kama waliofiwa. Akaelezwa. Akashusha pumzi.

"Basi limeshapakiwa, mama. Askari wa mpakani hawatatungoja. Tumwombee tu, yameshatokea."

"Tutamwombea," Bibi Koleo akasema. "Lakini mtu hajitoi gego zima kwa kupenda pamba. Kuna kitu alikuja kukitafuta hapa, nami nimemnyang'anya jino sikumpa hicho kitu. Liondoke hilo basi, mchungaji. Mimi sipandi mpaka nijue."

"Mama, huna hata pa kulala hapa!"

"Nina sufuria yangu."

Mchungaji alimjua tangu wakiwa kwaya. Hakubishana. Akaenda kumwambia dereva azime injini.

Bibi Koleo hakumtafuta mbali yule mama. Wenzake wote wenye pamba shavuni walishaondoka, yeye alikuwa ameketi chini ya ukuta wa darasa, miguu ameinyoosha, anasubiri. Alipomwona Bibi Koleo alitaka kusimama. Bibi Koleo akamzuia kwa mkono, akaketi chini naye, magoti yakilia, akamwita Redio.

"Mwulize, mwanangu, kwa nini alitoa jino zima."

Redio akavuta pumzi, akauliza. Uwanja wote ukageuka. Waliokuwa bombani wakaacha ndoo zifurike. Mama akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Zima hilo domo la bati!" Bibi Koleo akamkemea.

"Bibi, nimelizima kitambo. Hii ni sauti yangu mwenyewe."

Siku nyingine angecheka mpaka alie. Sasa alimtazama Redio, akatazama geti, akamtazama mama aliyejikunja, na hapo akaelewa. Walikuwa wamewauliza watu maradhi yao hadharani, kwa kipaza sauti, na wakamshukuru Mungu kwa foleni iliyokwenda mbio. Mtu ana jambo lisilosemeka mbele ya watu, angejibu nini pale getini? Angejibu jino. Angejibu tumbo, akachekwa, akapewa vidonge, akaenda zake. Wangapi walikuwa wamekwenda zao hivyo?

"Redio, una mke?"

"Ninaye, bibi. Si ndiye anayewapikia?"

"Anaijua lugha yetu?"

"Anaijua vizuri tu. Ila nyumbani maneno yote nayamaliza mimi."

"Mwite. Na wewe kaa mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali ambako nikikuita hutasikia."

Mke wa Redio alikuja akifuta mikono kwenye khanga, mwanamke mpole, mwenye sauti ndogo mpaka umsogelee. Wakaingia darasani wote watatu, Bibi Koleo akafunga mlango, akaegemeza dawati. Wakakaa kwenye benchi moja, mama katikati. Hakuna aliyemharakisha. Ganzi ilikuwa inaanza kumwachia. Alishika shavu, machozi yakimlengalenga, ila si kwa maumivu ya jino peke yake. Nje basi lilipiga honi mara moja, kisha likanyamaza, nadhani mchungaji alimshika dereva mkono.

"Mwambie anisamehe kwanza," Bibi Koleo akasema. "Mwambie mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Mke wa Redio akasema kwa sauti yake ndogo. Mama akatikisa mkono, kama anayefukuza nzi, akajibu kwa nusu ya mdomo.

"Anasema hujamkosea kitu. Anasema aliuliza majirani, wakamwambia vyumba vyote ni wanaume, isipokuwa cha meno yuko bibi mmoja. Akaona njia ya kukufikia ni hiyo tu. Alidhani akikaa kitini utamwuliza. Halafu mdomo ukafa."

Bibi Koleo akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Kisha Bibi Koleo akashusha mikono, akaushika mkono wa yule mama wenye utepe mwekundu, akaufungua ule utepe kwa kucha, fundo likakataa, likakubali.

"Haya, dada yangu, sasa nakuuliza. Ulikuwa unataka nini?"

Mama hakumngoja mfasiri. Alielewa kwa uso. Akatema pamba mkononi, akasema polepole, kila neno akilipisha kwenye jeraha, na mke wa Redio akalifuata nyumanyuma:

"Nilitaka uje kwangu umwone binti yangu. Tangu alipojifungua, mkojo haukai ndani, unamtoka usiku na mchana, mumewe amemrudisha, na chumba cha nyuma hatoki. Nilitaka mwanamke mzima aingie mle ndani, akae naye kitandani, asizibe pua."