Ngozi ya Mboni Ndiyo Kipimo

...na hii sasa ni nini, hii nyekundu inayochungulia hapa chini ya taya, si ilikuwa haipo, si amempaka sasa hivi kwa mkono huu huu unaojulikana Singida nzima, Mboni kasimama na sponji hewani, mkono mwingine umeshika kidevu cha Magreth mwenye sendofu yake leo, nje dereva anapiga honi, upepo unapiga bati, na mlangoni shangazi mtu, Severina, simu sikioni, anawadanganya watu wa ukumbini, "tumeshamaliza, bado midomo tu," nani kakwambia bado midomo wewe mama, uso haujapata hata mkono wa pili, lakini utamjibuje hivyo mtu uliyempa shikamoo asubuhi akaitika marahaba kwa mapozi kama mkuu wa wilaya, basi Mboni anasema, "Dakika moja, shangazi," na dakika ya Mboni wateja wanaijua, ndani yake makande yanaiva. "Dada," anasema Magreth, macho kafumba, "inawasha." "Inawasha au inakutekenya?" "Inawasha. Ila si sana. We endelea tu, wakwe wameshafika." Haiwezekani. Haiwezi kuwasha, labda huyu binti ana woga wake tu, maana kitu kilichopita kwenye ngozi ya Mboni hakijawahi kumwasha mtu, na ngozi ya Mboni ni nani asiyeijua, sabuni ya harufu vipele, poda ya watoto vipele, ukimtazama kwa jicho baya vipele, mwingine angejifungia ndani akalia, yeye kaifanya mtaji, kila faundesheni mpya anajipaka kwanza nyuma ya sikio, analala nayo, akiamka salama basi na mteja salama, na hapa saluni kwake jirani na soko kaandikisha ukutani kwa rangi ya waridi, NGOZI YANGU NDIYO KIPIMO, waache wale wa mjini kati na vikopo vyao vya "ngozi nyeti", maandishi ya dhahabu nje, ndani pilipili kichaa, alishavinunua vyote, vyote vilimchoma, akavitupa, akabaki na faundesheni isiyo na harufu na siri yake moja, tone la mafuta ya alizeti, yale mazito yanayotoka mashineni hayajachujwa, unampaka mtu kabla ya sponji, uso unateleza, unang'aa wenyewe, na alizeti jamani ni ya kumdhuru nani, Singida hii, tumekaangiwa nayo, tumepakwa nayo tukiwa wachanga, hata kuku wetu wana harufu yake... nyekundu imesogea. Ilikuwa chini ya taya, sasa imepanda shavuni, na kope la kushoto mbona kama limenenepa, au ni taa, hii taa nayo ya duara inamfanya kila mtu aonekane mgonjwa, honi, honi, huyo dereva kapewa honi na babaake au vipi. "Nani, Magreth?" Severina anacheka na simu yake, "aa, huyo hata kwetu Mgori shamba halimjui, kupura alizeti hajapura hata siku moja, ukimpeleka anarudi uso kama andazi, macho huyaoni, tukawa tunamwacha nyumbani atupikie, kumbe mwenzetu anajiandaa kuwa mke wa Emilian..." na anaendelea, sijui keki, sijui viti vya wakwe kutoka Kinyangiri, lakini Mboni hasikii tena, andazi, kasema andazi, kasema alizeti, na asubuhi hii hii Magreth alipokaa kitini si alianza kusema, dada Mboni, mimi ngozi yangu huwa... na nani akamkata, ni yeye, kwa madaha yote, "Kipenzi, umefika kwa daktari, fumba macho," daktari gani aliyeishia kidato cha pili, astaghfirullah. Sawa. Watu wasimpigie kelele, anafikiri. Kuna kile kikopo cha kijani kinachofuta wekundu, dakika moja, ya kweli safari hii, anafunika, poda juu, wanja, midomo, Magreth anaingia ukumbini anameremeta, vigelegele, picha, na mpaka uso utakapoanza kuvimba sawasawa Mboni yuko kwake anakunywa chai, watasema ni joto, watasema ni machozi ya kuagwa, mabinti wote wa sendofu si huvimba macho, nani atamshika... na Magreth mwenyewe kasema endelea. Kasema endelea kwa sauti ileile, ya kumwogopa mtu aliyeshika brashi, Mboni anaijua hiyo sauti, aliitoa yeye siku ya mahafali ya kidato cha nne, yeye yuko cha pili, kaiba poda ya dada yake Anifa akajipaka, inawasha, ila si sana, wacha niende tu, na kabla risala haijaisha macho yameziba, wasichana wakamzunguka, "Njooni muone boga limevaa sare!" likizo ikaisha, hakurudi, mpaka leo akiulizwa anasema shule ilikuwa inamchelewesha, na watu wanacheka, na yeye anacheka zaidi yao. Hakuna aliyemtazama vizuri siku ile akamwambia mwanangu hebu kanawe. Hakuna. Na sasa akimnawisha huyu, shangazi atauliza kwa nini, na hawezi kusema vumbi, hawezi kusema upepo, itabidi aseme ni mafuta yangu mimi, na kesho pale sokoni wauza vitunguu watamsomea ukuta wake herufi moja moja, Mboni, hiyo ngozi inapima na magunia, watamaliza mwaka mzima. Wasome. Kope limenenepa kweli, si taa, na Magreth kakaza mikono kwenye mapaja asijikune, bado anajitahidi kutabasamu kwa macho yaliyofumbwa, anamtabasamia yeye, Mboni, kwa kumwamini. Honi. Sponji bado iko hewani, faundesheni imeanza kukauka pembeni. "We Mboni, hiyo dakika haijaisha?" Severina kashusha simu, kamkazia macho. Na Mboni, bado kashika kidevu kile, anafungua mdomo, kwa mara ya kwanza hakuna majigambo yaliyotangulia. "Shangazi," anasema, "mwambie dereva azime gari."