Mtu wa Tano Mstarini

Sajini alikuwa mtu wa utaratibu. Wenzake kituoni walimtania kwamba hata chafya haimtoki mpaka aiandike kwanza kitabuni. Kwa hiyo Mkuu wa kituo alipotaka gwaride la utambuzi lisilo na doa, hakuhangaika kutafuta mtu. Alimwita Sajini, akamwambia, "Mama, hili nakuachia wewe. Wengine hawa wataniharibia."

Kesi yenyewe ilikuwa imeuumiza mji mzima. Wiki moja nyuma, saa moja jioni, umeme ukiwa umekatika, mtu alipiga teke mlango wa mama mmoja fundi cherehani. Fundi alikuwa peke yake na mshumaa. Alipoinua mkono kujikinga, yule mtu alimpiga nondo, mfupa ukavunjika mahali pawili. Akaondoka na cherehani na majora mawili ya kitambaa. Nusu ya watoto wa mji ule walikwenda shule na sare zilizoshonwa na mkono huo, wakiwemo mabinti wawili wa Sajini.

Siku ya tatu, Mpelelezi wa kituo alimkamata Sumaku. Jina hilo alipewa na watu wa sokoni, kwa kuwa vitu vilikuwa na tabia ya kumganda mikononi: kuku, sufuria, redio, hata geti la mtu lililokuwa limeegemezwa ukutani likisubiri rangi. Alishafungwa mara mbili. Safari hii alisema jioni ile alikuwa amelala kwa shangazi yake. Shangazi alipoulizwa, akasema kwake Sumaku analala siku nyingi mno, hawezi kukumbuka ipi ni ipi.

Sheria inasema anayepeleleza kesi asilisogelee gwaride, ndipo kazi ikamwangukia Sajini. Asubuhi ile alitoka mwenyewe barabarani kutafuta wanaume saba wa umbo na rangi ya Sumaku. Akapata wabeba mizigo watatu, mpaka rangi mmoja, kinyozi, muuza maji na mwalimu wa chekechea aliyekuwa anapita zake. Mmoja wa wabeba mizigo alimrudisha kwa sababu ya ndevu, akatafuta mwingine. Akawapanga uani, mgongo ukutani, kisha akamleta Sumaku na kumwambia achague pa kusimama.

"Ya tano, afande," Sumaku alisema. "Kwetu nimezaliwa wa tano."

Fundi aliletwa kupitia mlango wa nyuma, mkono umefungwa plasta na kuning'inia shingoni. Alipita mbele ya mstari polepole, kichwa ameinamisha, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alipofika kwa wa tano alisimama. Akainua uso. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamgusa begani.

"Ni huyu."

Sajini alimkalisha kwenye benchi, akamletea maji. Halafu akaketi mezani kujaza fomu. Swali la kumi na moja liliuliza kama kulikuwa na jambo lolote lililomtofautisha mtuhumiwa na wenzake. Kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa tangu shule, Sajini akaandika: Hapana. Akatia sahihi.

Alitoka uani kuwashukuru wale wanaume saba. Walikwenda zao wakicheka, viatu vyao vikigonga sakafu ya saruji. Sumaku naye alikuwa anarudishwa ndani. Alitembea kama bata. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kiuno cha suruali isimdondoke, na viatu vyake, midomo wazi, vilimpwaya na kuburuzika kama kandambili.

"Mkanda wake uko wapi?" Sajini alimuuliza askari wa mahabusu. "Na kamba za viatu?"

"Kwenye droo yangu, afande. Si ndiyo amri? Wasije wakajinyonga."

Amri hiyo Sajini aliijua tangu siku ya kwanza kazini; yeye mwenyewe alishawavua watu mikanda isiyo na idadi. Alibaki amesimama palepale. Akamkumbuka Fundi akipita mstarini, kichwa chini, akitazama viatu: kamba, kamba, kamba, kamba. Halafu wa tano.

Alimkuta Mpelelezi anakunywa chai. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja, wakiitana kaka na dada, na si kwa unafiki. Sajini alimweleza yote bila kukaa.

Mpelelezi aliweka kikombe chini. "Dada yangu, wewe unaona mkanda. Mimi naona mkono wa yule mama."

"Nami nauona. Basi gwaride lirudiwe."

"Lirudiwe vipi? Ameshamwona. Leo hata ukimchanganya na watu mia, atamnyooshea kidole yeye yule."

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Kwa Mkuu hakukaa hata dakika tano. Mkuu alisikiliza huku anatazama dirishani, kisha akamuuliza taratibu, kama baba, "Fomu ameandika nani?"

"Mimi, afande."

"Ukienda kusema fomu ni ya uongo, mwongo atakuwa nani?" Akamwonyesha mlango kwa macho. "Nenda nyumbani mapema leo. Umechoka."

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ananawa mikono, na mama mkwe anachambua maharage kwenye ungo. Akawasimulia. Mama mkwe hata hakumwacha amalize.

"Sumaku? Huyo aliyemla jogoo wangu? Afungwe!"

"Mama, hii si kesi ya jogoo."

"Basi afungwe kwa jogoo. Jela ni ileile."

Mumewe alicheka, lakini alipoona mkewe hacheki, akavuta kigoda. "Mke wangu, niambie kitu kimoja. Wewe unadhani ni yeye?"

"Nadhani ni yeye."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba nadhani. Nilitakiwa nijue, na njia ya kujua nimeiziba mwenyewe."

Mtu angetarajia kesho yake aende kwa mwendesha mashtaka akaseme. Hakwenda. Alijiambia atakwenda Jumatatu; Jumatatu ikaja na mambo yake. Miezi mitatu ikapita hivyo. Mara mbili alimwona Sumaku akishushwa kwenye gari la mahabusu: alikuwa amekonda, anakohoa, na alikuwa ameacha kuwatania askari. Mara zote mbili Sajini alijifanya anasoma tangazo ukutani. Tangazo lenyewe lilihusu mbwa wasio na chanjo. Mpaka leo analijua kwa moyo.

Siku ya kutoa ushahidi alimkuta Fundi kwenye benchi la korido ya mahakama. Plasta ilikuwa imetolewa. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la kale. Fundi alimshika kiganja kwa mkono mzima.

"Nimetoa ushahidi wangu jana, afande. Mungu akulipe. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, dada. Wanakusalimu."

"Unajua, mimi usiku wa kuamkia gwaride sikulala. Niliogopa sitamjua, mshumaa wenyewe ulikuwa kipande tu. Lakini nilivyomfikia, moyo ukaniambia. Wenzake walisimama kama watu wenye kwao pa kurudi. Yeye alisimama kama mfungwa."

Alisema kwa nia safi, akitabasamu. Kabla Sajini hajajibu, karani alitoka na kuita jina lake.

Aliapa. Mwendesha mashtaka alimwongoza kwenye fomu, swali kwa swali, na alipofika la kumi na moja aliisoma tu ile "Hapana" kwa sauti, akageuza ukurasa. Kisha hakimu, mama mwenye miwani ya kusomea, akamwambia Sumaku sasa ni zamu yake kumuuliza shahidi. Sumaku hakuwa na wakili. Alisimama, akashika ukingo wa kizimba.

"Afande, mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Hatuna."

"Wale wengine siku ile walikuwa wafupi kuliko mimi?"

"Hapana. Mlilingana."

"Walikuwa weupe kuliko mimi?"

"Hapana."

Sumaku alikuna kichwa. Ilionekana alijua kuna swali mahali fulani, ila hakujua liko wapi. Sajini alimtazama akilitafuta. Akajikuta anaomba kimoyomoyo: uliza. Ukiuliza nitajibu. Uliza basi.

"Sina swali lingine, mheshimiwa," Sumaku akasema, akaketi.

"Shahidi, asante. Unaweza kushuka," hakimu alisema, kalamu ikiwa tayari kwenye faili jingine.

Sajini hakushuka.

"Mheshimiwa, kuna jambo sijaulizwa."

Mwendesha mashtaka aliinuka nusu. Kwenye benchi la nyuma, Mpelelezi alifumba macho. Sajini alisema yote: mkanda, kamba, droo, mkono ulioshika suruali. "Fomu niliijaza kabla sijaona," alimaliza. "Lakini nilipoona, sikuirekebisha. Nimekaa nalo miezi mitatu."

"Miezi mitatu huyu mtu akiwa ndani," hakimu alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani, akamtazama. Hakumkemea. Sajini angependa akemewe.

Wiki mbili baadaye Sumaku aliachiwa. Cherehani haikuwahi kupatikana, nondo haikuwahi kupatikana, na mahakama ilipolikataa gwaride, hakukubaki kitu mezani. Alipotoka alimkuta Sajini kwenye ngazi za mahakama, akavua kofia.

"Asante, afande."

"Usinishukuru. Niambie: ulikuwa wewe?"

Sumaku alitazama barabara. Safari hii hakuwa na utani wowote usoni. "Nikikwambia hapana, utaniamini?"

Sajini alitaka kusema ndiyo. Neno halikutoka. Sumaku alitikisa kichwa kana kwamba hakutarajia jingine, akavaa kofia yake, akaenda.

Kituoni alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa stoo ya vielelezo, chumba kisicho na dirisha, kazi yake ikawa kubandika karatasi kwenye baiskeli za wizi na mapanga. Ile nyota aliyoingojea begani hakuiona tena. Mpelelezi alimsalimia kwa "Afande" kavu. Neno "dada" lilikufa. Siku moja tu, akileta kielelezo, alisimama mlangoni akasema, "Najua ulisema kweli. Kinachoniuma ni kwamba ulisema wewe, nikabaki mimi kumweleza yule mama." Akaenda zake kabla hajajibiwa.

Sajini alikwenda kwa Fundi Jumapili iliyofuata. Mlango haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa inaimba ndani. Akaenda tena Jumapili ya pili. Mara hii Fundi alifungua, akakaa kizingitini, hakumkaribisha.

"Umekuja kutaka nini tena?"

"Kukuomba radhi, dada."

"Kwa lipi? Kwa kumtoa, au kwa kuniacha nimguse bega?"

"Kwa kukuacha umguse."

Fundi aliulaza mkono wake uliopinda mapajani. "Miezi ile mitatu nilikuwa nalala. Hata mlango nilikuwa nasahau komeo, kwa sababu nilijua yuko ndani. Sasa hebu niambie wewe msomi wa sheria, nimwogope nani? Yeye? Au ni mwingine, ninayenunua kwake nyanya kila siku na kumuuliza hali ya wanawe?"

Sajini alikaa chini, kwenye ngazi, pale pale nje. Watu walipita, wakasalimia, wakajifanya hawaoni. Kisha Sajini alisema, "Si kesi yangu. Nimetolewa hata kwenye meza za kesi. Lakini ukinisimulia upya tangu mwanzo, nitaandika, nami nitampelekea Mpelelezi mkononi. Hataipenda, lakini ataisoma. Namjua."

"Leo siwezi."

"Sawa."

"Njoo Jumamosi."

Jumamosi alikwenda na daftari. Fundi alimkalisha ndani, kwenye kiti cha wateja, akaanza tangu umeme ulipokatika: pindo alilokuwa anashona, mshumaa kwenye kisahani, hatua za miguu nje, mbili halafu kimya, halafu teke. Alisimulia vizuri, kama mtu anayefumua mshono uzi baada ya uzi bila kukata kitambaa. Harufu ya rangi mbichi kwenye nguo za yule mtu. Pumzi fupi kama ya mwenye pumu. Mambo hayo hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa kuwa kila mtu alikuwa na haraka ya kuujua uso. Sajini aliandika yote.

Kisha Fundi alifika kwenye uso wa yule mtu. Akafumba macho.

"Simwoni," alisema. "Nikifumba macho namwona yule wenu, wa mstarini. Huyu wa mlangoni ameondoka. Alikuwepo, afande, naapa alikuwepo, mmeniondolea."

Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama. Ingekuwa rahisi kuandika kitu pale: mtu wa kimo cha wastani, maji ya kunde, kama walivyo nusu ya wanaume wa mji. Faili lingependeza.

"Niandike nini hapo, dada?" aliuliza.

"Andika sijui."

Akaandika hivyo, akamsomea, na Fundi akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa za mtoto anayejifunza.