Mzambarau Uliovuliwa Gome

Mtaani walimwita Mama Magome, na ukimwita kwa jina lake halisi hageuki. Mzambarau mwitu ulioota wenyewe nyuma ya gereji ndio uliokuwa duka lake la dawa. Watoto walifuata zambarau, wakarudi na midomo ya rangi ya wino. Watu wazima walifuata gome. Mwenye tumbo la kuendesha alichemshiwa anywe, mwenye vidonda vya mdomo alipewa maji yake asukutue. Majani ya mti ule yalikuwa mabichi mwaka mzima, jua liwake, mvua inyeshe.

Mama Magome alikuwa na kanuni moja tu: unakata kipande chembamba, upande mmoja, kisha unauacha upande huo upone. Bahati mbaya, kanuni hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Goti lilipomlaza kitandani, alimtuma mkamwana wake, fundi cherehani, akamletee gome la wateja.

Mkamwana alikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na hamu ya kumpendeza mama mkwe ilimzidi akili. Fundi nguo akipima kiuno huzunguka, naye akazunguka. Alilivua gome shina zima, pana kama mkanda wa suruali, mviringo safi kabisa. Akarudi na kikapu kimejaa, meno yote nje.

Mama mkwe alikitazama kikapu, uso ukamshuka.

"Umezunguka shina?"

"Nimezunguka, mama. Sijabakiza."

"Basi umeuua. Chakula cha mizizi kinapita humo humo kwenye gome."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Haukupita muda majani yakaanza kugeuka manjano, na mkamwana akawa anakwepa hata kula meza moja na mama mkwe.

Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya miche, kuunganisha vijiti vya michungwa kwenye mashina ya milimau.

"Mti kama huu sijawahi kuutibu," alisema, "lakini tunaweza kupitisha vijiti juu ya kidonda kama daraja, gome la chini lishikane na la juu."

Tatizo vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi. Akamkabidhi mkewe kisu.

Hapo ndipo ufundi ulipoonekana. Alikata vijiti vichanga vya mti wenyewe, akavichonga ncha zote mbili, akazipenyeza ndani ya gome, moja chini ya kidonda na nyingine juu yake, mpaka akalizunguka shina zima. Akafunga kwa mabaki ya vitambaa, akapaka nta. Jasho lilimtiririka. Mti huu ukifa, alijisemea, mimi nyumba hii sina uso wa kuitazama. Kila asubuhi alipitia pale kabla hajagusa cherehani, akavikagua vijiti kimoja kimoja.

Siku moja akaona chipukizi jekundu kwenye kijiti kimoja. Alipiga kelele mpaka mafundi wa gereji wakatoka na spana mkononi. Mama Magome naye akaja akichechemea, akakigusa kile kijiti.

Mara akatokea mteja, kashika tumbo, anataka gome.

"Nenda zahanati, baba," Mama Magome akamwambia. "Hapa leo mgonjwa ni mti."

"Na mganga wake nani?"

Mkamwana aliinamisha kichwa, akingoja kosa lake litangazwe mbele za watu. Mama mkwe akamshika bega.

"Huyu hapa. Mwanangu."